Uzito wa Mdiria

Usiku kucha nimepima malori:
ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma,
saruji ya Tororo, kahawa ya Masaka,
dereva wa Bukoba akiapa kwa mamake
kwamba mizani yetu ina uchawi.
Nimeandika tarakimu hadi zikaanza kuniandika mimi;
nikifumba macho, nyekundu, zinapita kama siafu.

"Presha," alisema daktari,
akikunja kipimo chake kama mkanda wa suruali.
"Upumzike, Nabukeera."
Kama mtu anayesema: ufunge mlango.
Mlango upi? Nimelala mchana wa Lukaya,
redio za wachoma kuku zikipigana ukutani mwangu,
nikaamka mchovu kuliko nilivyolala.

Basi leo, zamu ilipokwisha, sikwenda nyumbani.
Nilishuka tuta la barabara, viatu mkononi,
umande ukinilamba miguu,
hadi anapokatia mafunjo Nnaalongo msukaji mikeka.
Aliniona. Hakuuliza kitu.
Alinisukumia jerikeni lake la manjano, nikaketi.
"Ukikaa kimya," alisema, "watakusahau.
Wakishakusahau ndipo wanakuja."

Mwanzoni sikujua kukaa.
Mkono ulitafuta kalamu.
Nilihesabu yangeyange: kumi na mmoja.
Nikarudia: kumi na wanne.
Hawapangi foleni hawa, wala hawana namba ubavuni.
Chura mmoja alianza, akanyamaza ghafla,
kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko msibani.
Kisha wote.

Kisha mdiria.
Simwiti bluu; bluu ni rangi ya turubai.
Huyu alikuwa cheche iliyomtoroka fundi wa mageti,
akatua juu ya funjo lenye nywele timutimu,
na funjo likainama,
upana wa kidole, basi,
likayumba, likatulia.
Ile ndiyo mizani.
Nilisoma bila miwani:
mzigo halali. Pita.

Wakaja korongo wawili wenye taji, wale wale wa bendera,
ila wa bendera anainua mguu kwa amri.
Hawa waliruka, wakakunjua mbawa, wakainamiana,
mmoja akaokota ubua akaurusha juu
kwa sababu ambayo sikuidai.

Ngoja.
Nilipokuwa nimekwisha tosheka
mafunjo yalifunguka bila sauti, nzohe akasimama majini,
manyoya yamelowa kama koti la kuazima,
kwato ndefu zimechanua asizame.
Alinitazama. Sijui aliona nini.
Pumzi yangu ilikwenda mahali, ikakaa, ikarudi yenyewe,
nami nikagundua ngumi yangu ya kushoto,
iliyofungwa tangu sijui mwezi gani,
imekunjuka juu ya paja,
na mbu mmoja kiganjani anakunywa kwa raha zake.
Nikamwachia.

Ng'ambo ya mafunjo mashine ya mchanga ikawashwa.
Nzohe hakukimbia. Alijirudisha ndani
kama neno lililomezwa.
Na hapo nikakumbuka nisilotaka kulikumbuka:
yale malori ya saa nane usiku,
yanayodondosha maji juu ya mizani yangu,
ni hapa yanapotoka.
Nimekipima kinamasi hiki, tani kwa tani,
nikakigongea muhuri.
Nnaalongo alifunga mganda wake.
"Zamani," akasema, "walikuwa wanafika mpaka barabarani."
Akaondoka na jerikeni lake.

Sikupona; nisidanganye.
Usiku huu niko kibandani, taa inavuma,
dereva anafoka, nami namsikiliza mpaka mwisho,
jambo ambalo si kawaida yangu.
Pembeni mwa daftari, pasipokaguliwa,
nimeandika kwa penseli:
Nzohe, mmoja. Saa moja na robo asubuhi.
Uzito:
na hapo nimepaacha wazi.